Shujaa na Nafsi Yake: Usemi wa Faragha katika Tanzia za Kiswahili

Mtu akutwaye njiani akisema peke yake huulizwa kwanza kama ni mzima. Ndivyo ilivyo huku Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima na Busega, katika nchi ambayo tangu mwaka 2012 inaitwa Mkoa wa Simiyu, na ndivyo ilivyo katika sehemu nyingi za Tanzania. Maneno ni mali ya watu wawili au zaidi. Yana mahali pake: barazani, shambani, kisimani, msibani, katika uwanja wa ngoma. Kwa hiyo mwanafunzi wa sekondari anapofungua tamthilia kwa mara ya kwanza na kumkuta shujaa amebaki peke yake jukwaani, akijiuliza na kujijibu kwa sauti, hushangaa, na pengine hucheka. Kicheko hicho si ujinga. Ndani yake mna swali la haki ambalo mwalimu hana budi kulijibu: kwa nini mtu mwenye akili timamu, tena kiongozi wa watu, aseme na nafsi yake mbele ya umati wa watazamaji?

Insha hii yakusudia kulijibu swali hilo kwa njia ya historia. Nitaeleza kwanza maana ya usemi huo, kisha nitaonyesha jinsi sanaa zetu za jadi, hasa za Wasukuma, zilivyokuwa na njia zake za kuufungua moyo wa mtu. Halafu nitafuata jinsi shujaa asemaye peke yake alivyoingia katika Kiswahili kwa njia ya tafsiri, na jinsi mwandishi wetu, Ebrahim Hussein, alivyompa sura ya Kitanzania katika mchezo wa Kinjeketile. Jambo ninalotaka msomaji alishike ni moja. Tanzia ya shujaa hukaa katika pengo lililopo kati ya maneno anayoyasema faraghani na maneno anayoyasema hadharani. Asiyelipima pengo hilo ataona katika mchezo vita na vifo tu, na chanzo chake kitampita.

Maana ya usemi wa faragha

Wataalamu wa fasihi huuita usemi huu uzungumzi nafsia. Mhusika yuko peke yake, au anajidhania yuko peke yake, na fikra zake zinatoka kwa sauti. Watazamaji wanamsikia, lakini wahusika wenzake hawamsikii. Tofauti yake na majigambo ni kwamba ajigambaye hutaka asikiwe na asifiwe. Tofauti yake na sala ni kwamba aombaye humwelekea Mungu au wahenga. Asemaye na nafsi yake hana wa kumsifu wala wa kumwomba. Ndiyo maana maneno yake huaminiwa kuliko maneno yake mengine yote: mtu hana faida ya kujidanganya akiwa peke yake, na hata akijidanganya, sisi tunaomsikia twaweza kumshika.

Nayo tanzia ni mchezo unaomwonyesha mtu mkubwa, mwenye nia ambayo kwa sehemu kubwa ni njema, akielekea kwenye maangamizi ambayo yeye mwenyewe ana mkono ndani yake. Mtu mbaya kabisa akianguka, watu hufurahi. Mtu mwema akiangushwa na radi, watu huhuzunika, lakini hawana la kujifunza. Shujaa wa tanzia yuko katikati: alikuwa na njia mbili mbele yake, akazipima, akachagua. Mahali pa kuzipimia njia hizo ni ndani ya moyo wake, na wahenga walisema kwamba siri ya mtungi aijuaye kata. Uzungumzi nafsia ndio kata inayotumbukizwa mtungini ili sisi tulio nje tujue kilichomo.

Njia za jadi za kuufungua moyo

Isidhaniwe kwamba kabla ya kuja kwa tamthilia za vitabuni watu wetu hawakujua mgogoro wa nafsi. Walijua, lakini waliutolea nafasi nyingine. Tuchukue mfano wa Wasukuma, ambao ndio wengi katika mkoa huu.

Katika ngano zao maarufu kuna ile ya Masala Kulangwa na Shing'weng'we. Zimwi Shing'weng'we liliwameza watu na mifugo yao, akabaki mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha. Mtoto aliyezaliwa, Masala Kulangwa, alikua akaliua zimwi hilo, akalipasua tumbo, watu wakatoka wazima. Lakini katika kulipasua, kisu kilimkata sikio mmoja wa wale waliokuwa ndani, naye badala ya kushukuru alikasirika na kumtakia mwokozi wake mabaya. Hapa pana mbegu ya tanzia: aokoaye huumiza hata katika kuokoa. Hata hivyo ngano haitwambii Masala Kulangwa aliwaza nini alipoona damu ya mtu aliyetaka kumwokoa. Ngano humwonyesha shujaa kwa matendo. Hatua moja inaifuata nyingine, na moyo wake tunaubuni sisi wasikilizaji.

Moyo ulikuwa na mahali pengine pa kusemea. Pa kwanza ni mbele ya masamva, yaani mizimu ya wahenga. Mtu aliyefikwa na ugonjwa, ukame au ugomvi wa ukoo huweza kusimama penye kijumba cha tambiko na kuyataja mambo yanayomkera. Mpita njia atamwona peke yake, lakini yeye hajihesabu kuwa peke yake, maana wazee wake wako pale wakimsikia. Pa pili ni kazini. Nyimbo za kusaga nafaka na za kulima zimebeba malalamiko mengi ambayo mwimbaji asingeyatamka mbele ya mumewe, mkwewe au mtemi.

Pa tatu, na pakubwa kuliko hapo pawili, ni uwanja wa ngoma. Tangu karne ya 19 Wasukuma wamegawanyika katika vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana, Bagika na Bagalu, ambavyo husemwa kuwa vilianzishwa na Ngika na Gumha. Baada ya mavuno, pande mbili hukutana katika uwanja mmoja, kila upande una mduara wake, na watazamaji huhama kwenda kule kunakowavuta zaidi. Kiongozi wa wimbo, ambaye Wasukuma humwita ningi, ni mtunzi na mwimbaji. Yeye husema «mimi» mbele ya maelfu ya watu. Hutaja jina lake, umaskini wake, maadui zake, hofu yake ya kushindwa, na pengine kifo chake mwenyewe. Nayo kwaya humpokea. Tazama jambo hili vizuri: siri ya mtu mmoja inatamkwa kwa sauti, na jamii nzima inaiitikia. Aibu ya kusema peke yake imeondolewa na kiitikio.

Kwa hiyo msingi ulikuwapo. Kilichokosekana ni kuviunganisha vitu viwili katika kazi moja: matendo ya shujaa kama yalivyo katika ngano, na sauti ya moyo wake kama ilivyo katika wimbo wa ningi. Tamthilia ndiyo iliyoviunganisha.

Kuja kwa shujaa asemaye peke yake

Shujaa huyo aliingia katika maandishi ya Kiswahili kwa mlango wa tafsiri, na mlango huo ulifunguliwa na mtu ambaye hakuwa na nafasi nyingi za kukaa na vitabu. Mwaka 1963, miaka miwili tu baada ya Uhuru, Mwalimu Julius K. Nyerere alichapisha tafsiri yake ya Julius Caesar ya Shakespeare. Mwaka 1969 aliitoa tena baada ya kuisahihisha, kwa jina la Juliasi Kaizari, na mwaka huohuo akatoa Mabepari wa Venisi. Mwalimu alitumia mistari ya kishairi isiyo na vina. Kwa sisi tuliolelewa katika tungo za vina na mizani jambo hilo lilikuwa geni, lakini lina sababu yake. Vina humfunga mtu afike mahali palipokwisha kuwekwa. Mtu anayejiuliza hajui atafika wapi. Fikra yake hukatika, hurudi nyuma, huanza upya. Mistari isiyo na vina humwachia nafasi ya kusitasita.

Katika mchezo huo, Brutus yuko bustanini mwake usiku. Amemtuma mtumishi wake mdogo kuwasha taa, amebaki peke yake. Anaanza na hukumu: Kaizari hana budi kufa. Kisha ndipo anatafuta sababu. Anakiri kwamba yeye mwenyewe hana ugomvi na Kaizari. Anakiri pia kwamba hajamwona Kaizari akitawaliwa na tamaa kuliko akili. Basi anajenga hoja juu ya mambo yasiyokuwapo bado: Kaizari akivishwa taji huenda akabadilika. Anamfananisha na yai la nyoka, ambalo afadhali livunjwe kabla halijaanguliwa. Mwanafunzi makini ataona kwamba mambo yamekwenda kinyumenyume. Hakimu mwema husikiliza ushahidi kisha akahukumu. Brutus amehukumu kisha akatafuta ushahidi. Hakuna mtu mwingine katika Roma anayelijua hilo, ila sisi.

Baadaye Brutus anasimama uwanjani mbele ya raia, Kaizari amekwisha kufa. Hotuba yake ni fupi, imepangwa vizuri, haina shaka hata moja. Yale mashaka ya bustanini hayamo. Watu wanamshangilia, na muda si mrefu, baada ya Antonio kusema, haohao wanakwenda kuichoma nyumba yake. Brutus hakuwa mwongo. Alikuwa mwema aliyeficha mashaka yake, na kwa kuyaficha aliwanyima watu nafasi ya kuyapima pamoja naye.

Mwaka 1968 Samuel Mushi alitupatia Makbeth. Huko nako tunamkuta shujaa akitoka mezani ambako mfalme Duncan, mgeni wake, anakula chakula cha jioni. Akiwa peke yake Makbeth anazihesabu sababu za kutomwua mfalme huyo: ni ndugu yake, ni mfalme wake, ni mgeni aliyelala chini ya dari lake, tena ni mtawala mpole. Upande wa pili hana sababu ila tamaa. Msomaji wa Bariadi hahitaji kuelezwa uzito wa damu ya mgeni. Tofauti ya Makbeth na Brutus ni kubwa: Brutus anajidanganya kwa hoja, Makbeth hajidanganyi hata kidogo. Anajua, na bado anaua. Katika usemi wake wa faragha tunajifunza kwamba kujua jema na kulitenda ni mambo mawili.

Mushi huyohuyo alitafsiri pia Mfalme Edipode wa Sophocles, Myunani aliyeishi katika karne ya 5 kabla ya Kristo. Tafsiri hiyo ilitoka mwaka 1971. Katika mchezo huo shujaa hasemi peke yake. Wazee wa mji, ambao ni kwaya ya mchezo, wako karibu naye karibu wakati wote. Edipode anamtafuta mwovu aliyeuletea mji tauni, na kila anavyozidi kuuliza mbele ya wazee hao ndivyo anavyozidi kujikaribia mwenyewe. Ninautaja mchezo huu kwa sababu waonyesha kwamba usemi wa upweke si sharti la tanzia. Wayunani waliuweka mgogoro wa moyo mbele ya kwaya, kama vile ningi anavyouweka wake mbele ya mduara wa ngoma. Mwandishi wa Afrika Mashariki, basi, alikuwa na njia mbili mbele yake: upweke wa Brutus, na uwanja wa Edipode.

Kinjeketile: neno na mwenye neno

Ebrahim Hussein, aliyezaliwa mwaka 1943 katika mwambao wa kusini, alitoa mchezo wake wa Kinjeketile mwaka 1969. Mchezo huo umesomwa katika shule zetu kwa miaka mingi, na tafsiri ya Kiingereza aliyoifanya mwenyewe ilifuata mwaka 1970. Kabla ya kuutazama, ni lazima tuitazame historia yenyewe, maana mahali ambapo mchezo unaachana na historia ndipo mwandishi anapotufunulia nia yake.

Vita vya Maji Maji vilianza Julai 1905 katika milima ya Umatumbi, na tendo lake la kwanza lilikuwa kung'oa miche ya pamba pale Nandete. Tangu mwaka 1902 utawala wa Wajerumani ulikuwa umewalazimisha watu wa kusini mashariki kulima pamba katika mashamba ya pamoja chini ya usimamizi wa majumbe na maakida, kwa viboko na kwa malipo madogo mno, kiasi ambacho wengine walikataa kuyapokea. Mwanafunzi wa Simiyu, mkoa ambao ni mmoja wa mikoa mikuu ya pamba nchini, analijua zao hilo kwa vidole vyake: kupanda, kupalilia, kupiga dawa, kuchuma, kuchambua safi na fifi. Akiambiwa kwamba watu waliacha mashamba yao ya chakula ili walime pamba ya mtu mwingine kwa kiboko, hatahitaji picha.

Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, karibu na mto Rufiji, alisifika tangu mwaka 1904. Wazee walisimulia kwamba alichukuliwa na pepo akazama katika maji, na siku ya pili akatoka nguo zake zikiwa kavu. Alitoa dawa ya maji, akawahubiria watu wa makabila mbalimbali kwamba wao ni wamoja. Wajerumani walimkamata na kumnyonga huko Mohoro mapema mwezi Agosti 1905. Yaani alikufa vita vikiwa vichanga, kabla ya mapambano makubwa kama lile la Mahenge la tarehe 30 Agosti, ambako wapiganaji waliyakabili maboma yenye bunduki za rashasha. Vita viliendelea bila yeye hadi mwaka 1907. Hesabu ya Wajerumani wenyewe ilifikia watu 75,000 waliokufa. Wanahistoria wa baadaye, kwa kuwatia pia waliokufa kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa moto, wamekadiria kati ya watu 250,000 na 300,000.

Kumbukumbu zilizokusanywa kwa wazee katika miaka ya 1960 zatueleza aliyoyatenda Kinjikitile na aliyowaambia watu. Lakini aliyoyawaza akiwa peke yake, je? Aliamini kabisa? Alisita? Hapo historia hunyamaza, kwa kuwa moyo wa mtu hauachi hati katika makumbusho. Hussein aliingia katika ukimya huo. Katika utangulizi wake anatuonya kwamba Kinjeketile wa mchezo ni kiumbe wa sanaa, wala si yule wa historia. Hata jina amelibadilisha kidogo.

Badiliko kubwa zaidi ni hili: anamwacha shujaa wake hai mpaka baada ya watu kushindwa. Kinjikitile wa historia alinyongwa kabla hajayaona matokeo ya neno lake. Kinjeketile wa mchezo anaishi akayaona. Kwa nini mwandishi amfanyie hivyo? Kwa sababu shujaa aliyekufa mapema hawezi kujiuliza. Tanzia yataka mtu abaki hai muda wa kutosha kuisikia sauti yake mwenyewe.

Tuyafuate mambo yalivyo. Watu wamekandamizwa, wamegawanyika kikabila, hawana silaha. Kinjeketile anatoka mtoni na maji, na neno lake linawaunganisha. Lakini miongoni mwa maneno aliyoyatamka akiwa katika hali ya kupagawa yamo yasemayo kwamba wakishinda watakuwa watoto wa Seyyid Said. Akili yake inaporudi na kuyapima maneno hayo, anashtuka. Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar, alikuwa amekufa tangu mwaka 1856, lakini jina lake liliwakumbusha watu wa kusini misafara ya watumwa iliyoshuka Kilwa. Basi, je, wamtoe Mjerumani ili warudi kwa Sultani? Neno hilo limetoka kwa nani? Ni la Mungu, ni la pepo, au ni la yeye Kinjeketile mwenyewe? Na kama sehemu moja ya neno ni ya uongo, maji je?

Huo ndio mgogoro wa ndani. Hussein hakumpa shujaa wake hotuba ndefu ya upweke kama ile ya Brutus. Nafsi ya Kinjeketile inafunguka kwa vipande, kwa maneno yanayokatika, huku rafiki yake Kitunda akiwa karibu naye na watu wakingoja nje. Anatambua kwamba mtu aweza kuzaa neno, na neno hilo likakua hata likamshinda yeye aliyelizaa. Utambuzi huu ni mzito kuliko ule wa Brutus. Brutus alikuwa na siri aliyoweza kuitoa akitaka. Kinjeketile, hata akiitoa, nani atamsikia? Anawasihi watu wangoje, umoja ukamilike kwanza. Wao wanayaona maji, hawayaoni mashaka. Waswahili husema maji yakimwagika hayazoleki. Hapa methali hiyo imekuwa kweli kwa maana zake zote mbili.

Hivyo Hussein alizichukua zile njia mbili nilizozitaja. Kutoka kwa Shakespeare alichukua shujaa anayejihukumu ndani ya nafsi yake. Lakini hakumtenga na watu, maana katika jamii ya Kinjeketile, kama katika jamii ya Bariadi, mtu hatengwi na watu hata anapojiuliza. Sauti ya ndani na kelele za nje zinasikika pamoja, na ndiyo maana mtazamaji anahisi kubanwa. Katika Roma ya Shakespeare shujaa amefungwa na upweke wake. Katika mchezo wa Hussein shujaa amefungwa na imani ya watu wanaompenda.

Mwishoni, wapiganaji wamelala chini, Kinjeketile yuko mikononi mwa askari, amepigwa. Anatakiwa aseme neno moja tu: kwamba maji yalikuwa uongo. Kitunda naye, aliyewaona watu wakifa, angependa aliseme. Tunajua kwamba yeye mwenyewe ameyatilia mashaka. Kulisema kungekuwa kusema kweli, na huenda kungeokoa maisha yake. Anakataa. Anaona kwamba akiyakana maji, adui hatasema maji tu yalikuwa uongo. Atasema kwamba umoja ulikuwa uongo, na kwamba kupigania haki kulikuwa upumbavu, na watoto wa watoto watafundishwa hivyo. Basi anakufa akilinda neno ambalo moyoni mwake halina uzima wote.

Je, alikuwa sahihi? Hapo ndipo darasa linapogawanyika, na ni vizuri ligawanyike. Mwanafunzi mmoja atasema kwamba Kinjeketile alilipa taifa mbegu yake, kwani Watanzania wa baadaye walivitazama vita vya Maji Maji kama mwanzo wa kupigania uhuru pamoja. Mwingine atasema kwamba kiongozi aliyejua shaka yake na asiitangaze kwa nguvu zake zote anadaiwa roho za watu. Mimi naona kwamba mchezo umeandikwa ili hoja zote mbili zisimame, na uzito wa tanzia ni kwamba hakuna inayoiangusha nyenzake. Lakini mwanafunzi hawezi hata kuianza mizani hiyo kama hakuyasikiliza yale aliyoyasema Kinjeketile wakati watu hawasikii. Bila hayo atamwona ama mganga mwongo ama shujaa asiye na doa, na vyote viwili si kweli.

Mashujaa wengine na ukimya wa historia

Historia yetu imejaa ukimya wa namna hii. Mkwawa wa Uhehe aliyashinda majeshi ya Wajerumani pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891. Ngome yake ya Kalenga ilianguka Oktoba 1894. Kisha akatangatanga porini karibu miaka minne hadi alipojiua tarehe 19 Julai 1898 ili asikamatwe. Fuvu lake lilirudishwa nchini mwaka 1954. Tarehe zote hizo tunazo. Hatuna neno hata moja la usiku wake wa mwisho. M. M. Mulokozi alipoandika tamthilia ya Mukwava wa Uhehe alikuwa akifanya kazi ambayo mwanahistoria hawezi kuifanya peke yake.

Usukuma nao una Ng'wanamalundi, mcheza ngoma na mtu wa maajabu ambaye masimulizi yanasema aliweza kuukausha mti kwa kuunyoshea kidole. Emmanuel Mbogo alimpandisha jukwaani katika Ngoma ya Ng'wanamalundi, iliyochapishwa mwaka 1988. Wazee wa huku wakimsimulia hutaja nguvu zake. Kijana anayetaka kuandika tamthilia angeuliza swali jingine: mtu ambaye kidole chake chaweza kuua kitu kilicho hai, humwaza nani anapokwenda kulala? Huuogopa mkono wake? Hapo ndipo ngano huweza kuwa tanzia.

Kazi ya mwalimu

Nimalizie kwa jambo la darasani. Mazoea ya kuwaambia wanafunzi waorodheshe sifa za shujaa, kwamba ni jasiri, ni mwaminifu, ni mzalendo, yanafaa kwa mtihani lakini hayafiki ndani. Napendekeza mwalimu agawe ubao sehemu mbili. Upande mmoja wanafunzi waandike yale shujaa anayoyasema mbele ya watu. Upande wa pili yale anayoyasema peke yake au kwa rafiki mmoja wa siri. Kisha waulizwe maswali matatu. Ni neno gani lililo upande wa pili ambalo halimo upande wa kwanza? Nani asingependa lisikike, na kwa sababu gani? Lingesikika mapema, nani angepona?

Tena tamthilia isomwe kwa sauti, wanafunzi wakisimama, ikiwezekana nje chini ya mti. Wanafunzi wa mkoa huu wamekua wakiona miduara ya ngoma. Wanajua kusimama mbele ya watu na kusema «mimi». Anayesoma maneno ya Brutus au ya Kinjeketile asiyatangaze kama hotuba ya mkutano. Ayaseme kama mtu anayelitafuta neno linalofuata bila kulijua.

Faida yake haiishii katika fasihi. Vijana hawa watakuwa wenyeviti wa vijiji, makatibu wa vyama vya ushirika, walimu, madiwani, wazazi. Kila mmoja wao atakuwa na usiku wake wa bustanini, atakapojua moyoni jambo ambalo kesho hadharani itakuwa vigumu kulisema: kwamba fedha hazitoshi, kwamba mbegu iliyogawiwa haikuota, kwamba ahadi iliyotolewa haitatimizwa. Watu waliomwamini Brutus hawakujua aliyoyajua. Watu waliomwamini Kinjeketile hawakuyaona mashaka yake hata alipowasihi wangoje. Tanzia hutufundisha kuisikia sauti hiyo ya ndani katika mtu mwingine, ili siku itakapokuwa yetu tuitambue, na tuitamke wakati ambapo kuitamka bado kunaweza kumfaa mtu.